Umesevu sauti, au umesevu jina lake tu?

Wapiga kinanda wengi wanaoanza kurekodi sauti zao ndani ya wokisitesheni (kinanda chenye vifaa vya kurekodi na kutunga ndani yake) huzipoteza kwa njia ileile. Wanabonyeza kitufe cha kuandika, skrini inasema kazi imekamilika, wanazima. Wakiwasha tena, programu ipo na jina lake lipo, lakini funguo zikibonyezwa ni kimya. Mashine haijaharibika, imefanya ilichoagizwa. Shida ni kwamba neno "sauti" tunalitumia kwa vitu viwili, na dhana potofu nyingi kuhusu jambo hili zinaanzia hapo.

Kitu cha kwanza ni sampuli, yaani rekodi yenyewe: ngoma, filimbi, sauti ya mtu. Cha pili ni programu, yaani maagizo: piga sampuli fulani kwenye funguo hizi, ipitishe kwenye filta hii, iachie polepole. Programu haina sauti ndani yake. Inaielekeza mashine mahali sauti ilipo.

Dhana: "Nimebonyeza kitufe cha kuandika, kwa hiyo kila kitu kiko salama."

Ukweli: kitufe hicho kwa kawaida huhifadhi programu peke yake. Kwenye mashine kama Korg Triton ya 1999 au Yamaha Motif ya 2001, sampuli unazorekodi hukaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na RAM hushika data pale tu umeme unapokuwepo. Umeme ukikatika kwa sekunde moja, zimekwenda. Wengine hutegemea betri ndogo iliyomo ndani ya mashine. Betri hiyo, kwa vinanda vilivyonayo, hulinda programu na mipangilio. RAM ya sampuli haihusiki nayo. Sampuli lazima ziandikwe kwenye disketi, kadi, diski au flashi kabla ya kuzima, na hilo ni tendo jingine kabisa, katika ukurasa mwingine wa menyu.

Dhana: "Faili moja la PCG linatosha."

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu makini nao huumia. Kwenye vinanda vya Korg, PCG hubeba programu, kombi (programu kadhaa zilizounganishwa) na mipangilio ya jumla. Sampuli haimo. Sampuli moja moja ziko kwenye mafaili ya KSF. KMP ni faili la maltisampuli, yaani kundi la sampuli lililotandazwa kwenye funguo: hueleza KSF ipi ipigwe kwenye funguo zipi. KSC ni orodha tu inayoiambia mashine ipakie nini. Ukinakili KSC peke yake na kuacha folda yake, umebeba orodha bila bidhaa. Ukilibadilisha jina la folda hiyo kwenye kompyuta, orodha haitaipata.

Kuna mtego wa ndani zaidi. Kwenye Triton, programu hukumbuka namba ya nafasi ya maltisampuli ndani ya RAM, wala si jina lake. Ukipakia seti nyingine kwanza, kisha ukaongeza yako juu yake, namba zinasogea. Programu uliyoijenga kwa kwaya inatoa tarumbeta, nawe unadhani faili limeharibika. Dawa ni kuchagua kusevu kila kitu kwa pamoja (programu, nyimbo na sampuli), kila mradi kwenye folda yake, na kufuta RAM kwanza unapopakia. Yamaha nao wana faili la aina ya "All" linalofungasha vitu pamoja, na mimi nalipendelea kuliko faili la sauti peke yake, hata kama linachukua nafasi na muda zaidi.

Dhana: "Vinanda vya sasa vina flashi ya ndani, mambo ya nakala yamepitwa na wakati."

Ni kweli kwamba hatua kubwa imepigwa. Korg Kronos ya 2011 husoma sampuli moja kwa moja kutoka kwenye diski ya SSD. Yamaha Montage ya 2016 ina flashi ya GB 1.75 kwa sauti za mtumiaji, na hizo hubaki hata umeme ukikatika. Lakini kubaki baada ya kuzima ni jambo moja, na kuwa na nakala ni jambo jingine. Mashine ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, ikiibiwa, au bodi yake ikifa, kila kilichokuwa ndani yake tu kinakwenda nayo.

Dhana: "Nikifuta programu, nafasi inarudi."

Hairudi. Umefuta maagizo, rekodi bado imekaa. Ukifuta maltisampuli pia, sampuli zake zinaweza kubaki zikiwa hazitumiki na chochote, hadi uzifute zenyewe. Na kwenye Triton, hata baada ya kufuta, RAM inahitaji kupangwa upya kwa amri maalumu ndipo nafasi ile itumike vizuri. Angalia pia sampuli za stereo: Korg huziweka kama mbili za mono, moja yenye alama L na nyingine R. Ukifuta mojawapo kwa kudhani ni marudio, sauti inabaki upande mmoja.

Dhana: "WAV ni ya wote, basi nitahifadhi WAV tu."

WAV huhifadhi rekodi vizuri, na ningeshauri kila mtu awe nazo kama akiba ya mwisho. Ila WAV haijui programu yako. Ramani ya funguo, filta na mipaka ya nguvu ya kidole havimo. Lupu, yaani kipande kinachojirudia ufunguo ukishikiliwa, inaweza kuwemo, kwa kuwa WAV ina sehemu ya kuandikia pointi za lupu na noti ya msingi, lakini si kila programu ya kompyuta huiandika, wala si kila kinanda huisoma. Andika pointi hizo pembeni, kwa namba, ikiwa ulihangaika kuzipata.

Dhana: "Nikirekodi kwa kiwango cha juu kabisa, nitapata sauti bora zaidi."

Piga hesabu kwanza. Kwa biti 16 na kHz 48, mono hula baiti 96,000 kila sekunde. Triton ilitoka na MB 16, ambazo hazifiki dakika 3. Stereo inazigawa nusu. Ngoma ya besi haihitaji stereo. Kata ukimya wa mwanzo na mkia usiosikika, utashangaa nafasi iliyokuwa inapotea. Na kugeuza rekodi ya biti 16 kuwa 24 hakuongezi chochote isipokuwa ukubwa wa faili, kama vile kuongeza ukubwa wa sauti hakurudishi mawimbi yaliyokatwa kichwa wakati wa kurekodi.

Dhana: "Flashi yoyote itafaa."

Flashi hupangwa kwa mfumo wa mafaili: vinanda vingi husoma ule wa FAT32, vya zamani zaidi FAT16 pekee. Flashi kubwa mpya mara nyingi huja katika mfumo wa exFAT, na kinanda huenda kikaikataa. Iumbize (format) ndani ya kinanda chenyewe, na usiichomoe kabla uandishi haujaisha.

Ukishasevu, usiamini ujumbe wa skrini. Zima mashine, subiri, washa, pakia kutoka kwenye ile nakala, kisha bonyeza kila ufunguo kuanzia chini hadi juu, kwa kidole chepesi na kwa kidole kizito. Ufunguo ulio kimya utakuonyesha ni KSF ipi iliyobaki nyuma, wakati rekodi ya asili bado unayo.