Sindano ya kuongeza damu kwa mgonjwa wa figo: dhana potofu na ukweli

"Ile sindano ni damu iliyokaushwa."
Si damu. Ni homoni iitwayo erithropoyetini, ambayo figo nzima huitengeneza zenyewe. Figo zikihisi oksijeni imepungua, huiachia homoni hiyo, nayo huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu. Figo zikichakaa homoni hupungua, na damu hushuka hata kama mgonjwa anakula vizuri. Ile inayotengenezwa maabara, ndiyo sindano yenyewe, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1989, na imewapunguzia wagonjwa wengi haja ya kuongezewa damu. Hilo ni jambo kubwa kwa anayetarajia kupandikizwa figo, kwa sababu damu za watu wengine zinaweza kuufanya mwili wake uikatae figo atakayopewa.

"Sisi wa nyanda za juu damu yetu ni nyingi, hatuihitaji."
Ni kweli kwamba hewa ya juu ina oksijeni kidogo na mwili huongeza chembe nyekundu. Jiji la Mbeya lenyewe liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini kazi hiyo ya kuongeza huanzia kwenye figo zilezile. Zikiwa zimechoka, kuishi milimani Makete hakumsaidii mgonjwa.

"Damu ikipanda zaidi, afya nayo inapanda."
Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, maana ndugu wa mgonjwa huisema kwa upendo: "Daktari, mwongezee ifike 14 kama sisi." Madaktari nao waliwahi kutumaini hivyo, wakapima. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2006 ulilinganisha wagonjwa waliolengwa kufikia hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 13.5 kwa desilita na wale wa 11.3. Waliopandishwa zaidi walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi. Mwaka 2009 utafiti mwingine, wa wagonjwa wa figo wenye kisukari zaidi ya 4,000, ulionyesha kiharusi kikiongezeka karibu mara mbili kwa waliopewa sindano ya aina hii ili damu ipande. Kwa hiyo daktari akiridhika na 10 au 11, hambanii mgonjwa wenu dawa. Anamlinda. Na presha ipimwe kila mara, kwani sindano hii huipandisha.

"Siku hizi inaponya figo zenyewe."
Matumaini hayo yalitoka maabara, ambako homoni hii ilikinga seli za figo na ubongo wa wanyama. Kwa binadamu haikuwa hivyo. Wagonjwa mahututi waliopewa ili figo zisiumie ghafla hawakunufaika, na watoto njiti waliopewa kukinga ubongo, katika utafiti mkubwa wa mwaka 2020, hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Kazi yake kwa mgonjwa wa figo imebaki kupambana na upungufu wa damu.

"Rozela na bitiruti zinatosha."
Bitiruti ina potasiamu nyingi, sawa na ndizi na parachichi za Rungwe tunazozipenda. Figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Sindano isipofanya kazi, mwombe daktari apime madini ya chuma na atafute maambukizi kabla ya kuongeza dozi.

"Huku kuna baridi, haina haja ya friji."
Inahitaji nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, na isigande. Baridi ya Juni asubuhi huondoka jua likichomoza. Anayeibeba kwenda Chunya au Kyela aitie kwenye kiboksi cha ubaridi, isigusane na barafu, wala asiitikise.