Mtoto Mpole Mno: Maswali na Majibu Kuhusu Homoni ya Thairoidi na Ubongo wa Kichanga

Kliniki ya watoto hapa Moshi ina sentensi moja inayonikosesha raha, nayo husemwa kwa tabasamu: "Huyu hanisumbui kabisa, analala tu." Mtoto ana wiki 6, kaletwa chanjo. Macho bado yana manjano, kilio kimekwaruza kama cha mtu mwenye mafua, choo anapata baada ya siku kadhaa. Na nyumbani wote wanamsifu, kumbe huenda amepungukiwa homoni ya thairoidi.

Homoni ya thairoidi ni kitu gani?

Homoni ni kemikali inayotolewa na tezi na kusafiri ndani ya damu kupeleka maagizo kwenye viungo vingine. Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, ile inayovimba mtu akipata goita. Inatengeneza homoni yake kwa kutumia madini joto. Upungufu wa homoni hiyo kwa mtu mzima huleta uchovu, baridi, uzito na usingizi. Kwa kichanga huharibu ubongo ambao bado unajengwa.

Homoni ya shingoni inafikaje ubongoni?

Kwa damu, lakini haiingii hivihivi. Mwaka 1885 mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich aliandika kwamba rangi alizowadunga wanyama zilienea viungoni, ila ubongo ukabaki bila rangi. Sababu ni kwamba kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana mno. Ni kama geti lenye mlinzi: haingii kila apitaye barabarani.

Homoni zinazoyeyuka kwenye mafuta, kama za uzazi, hupenya ukutani zenyewe. Insulini hupokewa na kuvushwa. Homoni ya thairoidi nayo hubebwa na protini maalumu zilizo kwenye ukuta huo. Sehemu kubwa huingia ikiwa na chembe 4 za madini joto. Ikishafika ndani, seli saidizi za ubongo huinyofoa chembe moja, zikabaki 3, na hapo ndipo inapata nguvu kamili ya kufanya kazi. Huamuru seli za neva zikae mahali pake, ziungane, na zivishwe utando wa mafuta unaoharakisha mawasiliano. Kazi hiyo huanza tumboni na kuendelea kwa kasi hadi karibu miaka 3.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Ubongo hauwezi kupokea kisichokuwepo kwenye damu. Tezi ya mtoto ikiwa haifanyi kazi, hakuna uji wa lishe wala dawa ya mitishamba itakayoziba pengo hilo.

Lakini mtoto mpole si baraka?

Mtoto anayelala vizuri, akaamka mwenyewe, akanyonya kwa nguvu na kulia akiwa na njaa, huyo ni baraka. Mtoto wa kuamshwa ili anyonye, anayechoka akiwa titini, ana mwili wa baridi, ulimi mnene unaotokeza, kitovu kilichochomoza, choo cha shida na manjano yasiyoisha, huyo hana upole. Ni mgonjwa. Dalili si lazima ziwe zote, na siku za mwanzo zinaweza kuwa hafifu sana.

Bibi yake anasema manjano yataisha kwa jua la asubuhi.

Shikamoo yake bibi, ila jua halitibu ugonjwa huu. Manjano yakipita siku 14 kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, apimwe. Yakianza ndani ya saa 24 za kwanza, apelekwe saa hiyohiyo.

Siwezi kungoja kidogo? Huenda atachangamka akikua.

Hapana. Akiwa ana ugonjwa huu, hatachangamka akikua. Ataendelea kukua akiwa amechelewa kukaa, kutembea, kusema na kuelewa. Dawa ikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo, watoto wengi hukua na akili sawa na wenzao. Kila wiki inayopita inakula kitu kisichorudi. Kwa hiyo narudia: usingoje. Usingoje kliniki ya mwezi ujao, usingoje baba arudi safari. Duniani kote ni takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 anayezaliwa hivi, na kipimo ni damu kidogo tu, kuangalia TSH (homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi) na homoni ya thairoidi yenyewe. Hospitali ya rufaa ndiko pa kuanzia ukiambiwa zahanati haina kipimo.

Na kama mtoto ana miezi 5 tayari? Mlete leo. Hatutarudisha yote, ila tutazuia zaidi.

Dawa yake ni ngumu kupata au kutumia?

Ni kidonge cha levothairoksini, mara moja kwa siku. Kinasagwa, kinachanganywa na maziwa kidogo ya mama kwenye kijiko. Usikitie kwenye chupa nzima, maana akibakiza, dozi imebaki. Na usikiache kwa kuwa mtoto "amepona". Amechangamka kwa sababu ya kidonge hicho!

Nina goita na ni mjamzito. Niliacha vidonge vya levothairoksini nisimdhuru mtoto.

Hapo ndipo ulipomdhuru. Mimba changa hutegemea homoni ya mama, kwani tezi ya mtoto huanza kutoa ya kutosha karibu na wiki ya 18 hadi 20. Wajawazito wengi wanaotumia levothairoksini huhitaji kuongezewa dozi. Mwambie daktari mapema, na uipishanishe na vidonge vya kuongeza damu kwa saa 4, maana madini ya chuma huizuia isifyonzwe tumboni. Chumvi yako iwe yenye madini joto, ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu.

Kwetu mzazi hatoki ndani hadi miezi 3 iishe.

Najua, na mtori wa mama mkwe siupingi hata kidogo. Lakini mahudhurio baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Jifunike shuka, mama mkwe akusindikize, mje. Mkimvua mtoto nguo, muulize muuguzi aangalie manjano, kitovu na ulimi, na umwambie mwenyewe anaamka mara ngapi usiku kunyonya.