Nani Anampangia Nani Bei: Kiwanda cha Gari au Kiwanda cha Betri?

Julai 2022, katika mkutano wa betri mjini Yibin, China, mwenyekiti wa kampuni ya magari ya GAC, Zeng Qinghong, alilalamika hadharani kwamba betri inakula asilimia 40 hadi 60 ya gharama ya gari. Kwa hali hiyo, akauliza, si ni sawa na kuifanyia kazi CATL, kampuni inayotengeneza betri?

Alikuwa na hoja. Kwenye gari la petroli, injini kwa kawaida hutengenezwa na kiwanda cha gari chenyewe. Muuza taa au viti hupangiwa bei. Akigoma, yupo mwingine anayesubiri. Gari la umeme limepindua mpangilio huo. Kifaa ghali kuliko vyote mara nyingi kinatoka kwa mtu mwingine, na CATL peke yake, kampuni iliyoanzishwa Ningde mwaka 2011, hutengeneza zaidi ya theluthi moja ya betri za magari ya umeme duniani. Kuihama si rahisi: sakafu ya gari, mfumo wa kupoza na programu ya kuchaji vimesukwa kuizunguka betri ileile, hivyo ukibadilisha muuzaji unarudia majaribio ya usalama.

Mwishoni mwa 2022 bei ya lithiamu kaboneti, malighafi ya betri, ilikaribia yuan 600,000 kwa tani. Mapema 2023 ikaripotiwa kuwa CATL iliwaahidi baadhi ya wateja kuwahesabia sehemu ya lithiamu kwa yuan 200,000 tu kwa tani, mradi wanunue kwake takriban asilimia 80 ya betri zao. Miezi michache baadaye soko lenyewe likashuka chini ya bei hiyo ya "upendeleo".

BYD, kampuni ya magari ya China inayojitengenezea betri, haina shida hiyo, maana ilianza na betri mwaka 1995, magari yakafuata 2003. Lakini Novemba 2024 ilivuja barua yake ikiwataka wauzaji wa vipuri wapunguze bei kwa asilimia 10 kuanzia Januari. Kampuni ilisema hayo ni majadiliano ya kawaida ya kila mwaka. Huenda, ila muuzaji mdogo hana pa kusimamia katika majadiliano ya namna hiyo.

Kwa maoni yangu, bei si mahali pabaya zaidi pa kubanwa. Pabaya ni malipo. Viwanda vya magari vimezoea kuchukua vipuri kwa mali kauli na kulipa baada ya miezi kadhaa, wakati mwingine kwa hati ya ahadi badala ya fedha. Huo ni mkopo usio na riba, na anayekopesha ni mnyonge. Juni 2025, serikali ya China ilipokaza kamba, kampuni kubwa za magari ziliahidi kulipa ndani ya siku 60. Swali la kihasibu ni dogo lakini zito: siku hizo zinahesabiwa tangu mzigo upokelewe, au tangu ankara ikubaliwe?

Kongo nayo ilijaribu nguvu zake. Inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika baadhi ya betri, na Februari 2025 ilisimamisha kuiuza nje, kisha Oktoba ikaweka mgao wa kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje. Bei ilipanda. Hata hivyo, magari mengi ya China sasa hutumia betri za lithiamu, chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata chembe.