Usiku wa bure hotelini: maana yake nini, na nani anaulipia

Utasikia mtu karudi kutoka harusini Dallas au Minneapolis anasema "hoteli nimelala bure bana, nimetumia pointi", na wanaomsikiliza wanahisi labda ana ndugu anafanya kazi pale. Hamna. Usiku wa bure ni chumba ambacho hutoi hela siku ile, unalipa kwa pointi, yaani alama ulizokusanya, au kwa cheti ulichopewa na kadi yako ya krediti, na hizo pointi na hicho cheti kuna mtu alishavilipia zamani, mara nyingi ni wewe mwenyewe bila kujua. Hapo kwenye bila kujua ndo pa kukaa kidogo.

Hii habari ya pointi imeanzia kwenye ndege, shirika la American Airlines mwaka 1981, halafu 1983 Holiday Inn na Marriott wakaileta hotelini. Kipindi hicho ilikuwa ukilala sana unapewa usiku mmoja wa shukrani. Sasa hivi hapa Marekani mtu wa kawaida ambaye hasafiri kikazi pointi zake nyingi zinatoka benki. Ukiswaipu kadi ya krediti dukani, mwenye duka anakatwa kama asilimia 2 hivi, na benki inachukua kipande cha hiyo hela inaenda kununua pointi kwa jumla kutoka kampuni za hoteli kama Hilton au Marriott au Hyatt, halafu inakugawia wewe. Mwenye duka naye sio mjinga, makato yake keshayaweka kwenye bei ya mchele na mafuta, kwa hiyo hata anayelipa keshi anachangia na hapati kitu. Ndo maana pia jamaa zetu walioko Ujerumani na Uholanzi hawapati pointi nono za kadi kama hapa, kule Ulaya tangu 2015 sheria imebana makato ya krediti yasizidi asilimia 0.3, sasa benki itatoa wapi hela ya kugawa. Na debiti za hapa hapa Marekani zilikufa hivyo hivyo, sheria ya 2010 ilibana makato ya debiti za mabenki makubwa na pointi zake zikapotea karibu zote. Kwa hiyo kama unalipia kila kitu kwa debiti ukisubiri pointi, utasubiri sana.

Sasa thamani. Hapa wengi wanachanganywa na ukubwa wa namba. Pointi 60,000 za Hilton na pointi 60,000 za Hyatt ni kama elfu sitini ya Uganda na elfu sitini ya Kenya, zote zinaitwa shilingi lakini moja unanunua chakula cha mchana na nyingine unalipa kodi ya nyumba. Ukitaka kujua yako ina nguvu gani, chukua bei ya chumba kwa hela pamoja na kodi, gawanya kwa pointi wanazotaka. Tuseme chumba ni dola 200 au pointi 40,000, hiyo ni nusu senti kwa pointi, na kwa Hilton ni kawaida kabisa. Chumba hicho hicho cha dola 200 Hyatt wakikitaka kwa pointi 12,000 umepata zaidi ya senti moja unusu, hapo toa pointi usiwaze. Ila kuna kosa moja nimelifanya miaka mingi na naliona kwa wengi, la kugawanya bei ambayo usingeilipa maisha yako yote. Mtu analala chumba cha dola 700 kwa pointi anasema nimeokoa 700. Kama mfukoni mwako ulikuwa na mpango wa kulala pa dola 150, umeokoa 150, hizo 550 zingine ni za kusimulia tu.

Kuna na cheti, na mimi hiki ndo nakipenda kuliko pointi kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Kadi fulani za hoteli, ukishalipa ada ya mwaka, kila mwaka kuanzia wa pili zinakupa usiku mmoja. Kadi ya Marriott inayoitwa Boundless kwa miaka kadhaa ada yake ilikuwa dola 95 na cheti chake kinafika hoteli ya hadi pointi 35,000 kwa usiku, na unaruhusiwa kuongezea pointi zako mwenyewe kiasi fulani juu yake. Ya IHG, wale wenye Holiday Inn, inafika 40,000, unaongezea unavyotaka. Ya Hyatt inakubali hoteli za kundi la kwanza hadi la nne kwenye orodha yao, na la kwanza ndo la bei ndogo kabisa. Ukiangalia vizuri huo usiku sio wa bure, umeununua mapema kwa 95. Kama kila mwaka una safari moja ya lazima, graduesheni ya mtoto wa dada, kipaimara, msiba, na hoteli ya mji ule ni dola 180, basi kadi imejilipa na chenji imebaki. Kama husafiri, umeinunulia benki zawadi.

Na cheti kina tarehe. Cha kwangu kimoja kilikufa hivi hivi naona, nilikuwa nakitunza nikisubiri safari nzuri zaidi, mwaka ukaisha, nikapiga simu nikabembeleza lakini wapi. Kumbe tarehe ile mara nyingi ni ya kulala na sio ya kubuki, yaani lazima uwe umeshaingia kitandani kabla haijafika. Siku hizi kikiingia tu kwenye akaunti naandika kwenye kalenda ya simu na nakitumia safari ya kwanza inayofaa, hata kama ni hoteli ya kawaida ya barabara kuu. Bei za pointi za Marriott nazo tangu 2022 hazina jedwali maalum, zinapanda na kushuka kama nyanya, hoteli ambayo cheti hakiitoshi Jumamosi, Jumanne kinaitosha. Uliza pia maegesho kabla hujabuki, mjini kati inaweza kuwa dola 50 kwa usiku na cheti hakigusi hiyo.

Usiku wa tano wengi hawaujui na ndo mtamu kwa familia. Marriott ukilipa kwa pointi siku tano mfululizo unakatwa za nne tu. Hilton ni hivyo hivyo ila lazima uwe mwanachama wao wa daraja la Silver, na hiyo Silver unapewa hata na kadi yao ya American Express isiyo na ada. IHG wenye kadi yao wanapata usiku wa nne bure. Kwa hiyo chumba cha pointi 30,000 siku tano ni 120,000 badala ya 150,000, na ukikaa siku nne Hilton ni hizo hizo 120,000, sasa kwa nini uondoke mapema.

Pointi nyingi kwa mkupuo zinatoka kwenye bonasi ya kufungua kadi, unaambiwa tumia mfano dola 3,000 ndani ya miezi mitatu. Weka bima ya gari, sokoni, bili ya simu, vitu ambavyo ungelipa tu, na lipa stetimenti yote kila mwezi, kwa sababu riba ya kadi hapa ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka na hakuna pointi inayoishinda. Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limewaumiza watu wetu wengi: usifikishe hizo 3,000 kwa kutuma hela nyumbani. Mabenki mengi ukituma hela kwa kadi ya krediti wanahesabu kama umetoa keshi, unakatwa ada papo hapo, riba inaanza siku ile ile bila kusubiri stetimenti, na kwenye bonasi haihesabiwi. Hela ya mama itume kwa debiti au akaunti ya benki.