Je, wajua kwa nini take(1) na skip(1) haziukati mkondo mmoja vipande viwili?

Faili la CSV linasomwa mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ni vichwa vya safu, iliyobaki ni data. Katika programu za riaktivu, ambako data hupokelewa kama mkondo, wengi wanaotumia RxJS, maktaba ya JavaScript ya kushughulikia mikondo, huchukua wa kwanza kwa take(1), hupata waliobaki kwa skip(1), kisha huunganisha kwa concat. Msimbo unasomeka vizuri, na jibu hutoka sawa. Ila faili limefunguliwa mara mbili.

Kilichomo kwenye kigeu ulichokipa mkondo si mkondo unaotiririka, ni ramani ya nyumba. Kila anayejisajili, yaani anayeomba kupokea data, ni fundi anayekabidhiwa ramani na kujenga yake kuanzia msingi. take(1) anajenga, anabeba mlango, anaondoka. skip(1) anajenga nyingine, anatupa mlango wake, anabeba kuta na paa. Ukiviunganisha unapata nyumba moja iliyotoka viwanja viwili. Chanzo kikiwa faili lisilobadilika, hakuna anayeshtuka. Kikiwa ombi la HTTP, seva inapokea maombi mawili, na si lazima majibu yafanane.

Mibofyo ya kipanya ina kituko chake. Huko chanzo ni kimoja na hakimsubiri mtu. concat haimsajili skip(1) mpaka take(1) amalize. Mbofyo wa kwanza ukishapita, skip(1) anaingia na kuruka ule ulio wa kwanza kwake, yaani wa pili. Unapotea kimya, bila kosa lolote kuripotiwa! Kwa chanzo cha aina hii, merge ingeupata, maana husajili wote wawili mapema.

Dawa ni kutougawa mkondo. map ya RxJS, inayobadilisha kila kipengele kinachopita, hupokea pia namba ya mfuatano inayoanzia 0, ikihesabiwa upya kwa kila anayejisajili; mwenye 0 ndiye mstari wa vichwa. Ukitumia badala yake kigeu cha ndiyo/hapana kilichowekwa nje, anayejisajili wa pili angekikuta kimeshageuzwa. Reactor, maktaba ya mikondo ya Java, ina switchOnFirst, inayokupa ishara ya kwanza pamoja na mkondo mzima. Mkondo mtupu ukija, ishara hiyo ni ya kumalizika, kwa hiyo kagua kama ina thamani.

Angalia pia retry, inayojisajili upya kosa likitokea, imekaa wapi. Ikiwa baada ya map, kila jaribio huanza tena 0. Ikiwa kabla, hesabu inaendelea, na vichwa vya safu vinaingia katikati kama data.