Maridhiano si jina la hela

Ottawa ikitangaza fedha kwa ajili ya watu wa asili, hukosi kusikia kwa Kiswahili kwamba "serikali ya Kanada imetoa mabilioni ya maridhiano". Imetoa mabilioni, sawa. Maridhiano hayatolewi.

Maana kwanza, upesi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyomaliza kazi 2015 na kuacha miito 94 ya utekelezaji, ilisema maridhiano ni kujenga na kudumisha uhusiano wa kuheshimiana kati ya watu wa asili na wasio wa asili. Yanadai kuyajua yaliyotendeka, kukiri madhara, kutubia vyanzo vyake na kubadili mwenendo.

Sasa neno lenyewe. Mzizi ni ridhi, kutoka Kiarabu. Ukiuvisha -sha unapata ridhisha, kazi ya mmoja kwa mwingine. Ukiuvisha -ana unapata ridhiana, na hapo lazima wawe wawili. Aliyesaini hundi peke yake huenda ameridhisha. Hajaridhiana na mtu. "Upatanisho" nao una kasoro hapa: anayepatanisha ni mtu wa tatu, na serikali iliyoendesha shule za bweni za kuwatenga watoto na wazazi wao haiwezi kujifanya mshenga.

Fidia ni jambo jingine. Kwa Kiarabu ilikuwa malipo ya kumkomboa mateka. Makubaliano ya shule hizo za bweni yaliyoanza kutekelezwa 2007 yaliwalipa walioishi humo dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza shuleni na dola 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Miaka ilihakikiwa kwa rejista, na rejista zilipokosekana wengine walilipwa miaka pungufu au wakakataliwa. Aliyesoma mchana na kulala kwao hakuhesabiwa katika malipo hayo. Wa kundi hilo walilazimika kusubiri kesi zao wenyewe.

Linalokera zaidi ni "ruzuku". Limezaliwa tumbo moja na riziki: kile mja anachojaliwa. Kwa bajeti ya kawaida linafaa, ingawa hata huko si neema tupu. Kuanzia 1996 ongezeko la mwaka la fedha za msingi za jamii za watu wa asili lilifungwa kwenye asilimia 2, huku watu wakizaliwa na bei zikipanda. Kikomo hicho kiliondolewa 2016. Fedha nyingi huja zikiwa zimefungwa kwenye kazi maalumu, mwaka hufungwa Machi 31, na zisizotumika huenda zikatakiwa kurudishwa. Zikichelewa kufika, mradi hufa na lawama humwangukia chifu.

Lakini tazama mkataba wa Robinson-Huron wa 1850. Waanishinaabe, watu wa asili wa eneo la Ziwa Huron, waliachia ardhi kwa malipo ya kila mwaka ambayo yangepanda kadiri ardhi ilivyoingiza mali. Mbao zikakatwa, madini yakachimbwa. Malipo yakaganda kwenye dola 4 kwa mtu tangu 1875. Mwaka 2023 yakafikiwa makubaliano ya dola bilioni 10 kwa miaka iliyopita, nusu kutoka Ottawa, nusu kutoka jimbo la Ontario. Hiyo si ruzuku wala hisani. Mwalimu aliyecheleweshewa mshahara analijua jina lake: malimbikizo.

Basi, ndugu mtangazaji, "Kanada yakubali kulipa malimbikizo ya mkataba wa 1850" inatosha kabisa kuwa kichwa cha habari. Kama walioyapokea wameridhiana na mlipaji, waulize wao pia.