Lìlín (莅临): "kuja" kwa waheshimiwa

Siku viongozi wanapotarajiwa shuleni au kiwandani huko China, mara nyingi hutundikwa langoni kitambaa chekundu chenye maneno haya: 热烈欢迎各位领导莅临指导. Yaani, tunawakaribisha kwa shangwe viongozi wote mliofika kutupa mwongozo. Neno la kutazama hapo ni 莅临, lìlín. Ukilivua mapambo yake, maana yake ni "kuja" tu.

Kuja kwa kawaida ni lái (来), na huko huja yeyote, hata paka wa jirani. Lìlín ni ya mwenye cheo. Herufi zake zinalisema hilo: 临, ambayo zamani iliandikwa 臨, ilitokana na mchoro wa mtu aliyeinama akitazama vitu vilivyo chini yake, na 莅 ndiyo iliyomo katika 莅任, lìrèn, afisa anapofika kushika wadhifa wake. Anayekuja, basi, anatoka juu.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kichina huteleza. Neno hili ni la mwenyeji kumwambia au kumtaja mgeni, mgeni hajisemei. Ukiandika "kesho nita-lìlín shuleni kwenu" umejitawaza mwenyewe, na msomaji atacheka kimoyomoyo. Sema 拜访, bàifǎng, kutembelea kwa adabu, ambayo 拜 yake ni ya kuinama kwa heshima.

Kisarufi, lìlín hufuatwa na mahali moja kwa moja. Ukiongeza dào (到), "kufika", umesema kufika mara mbili, kosa ambalo hata Wachina wenyewe hulifanya. Tena linapenda majirani wa daraja lake: huandikwa 莅临我校, "shule yetu" kwa ufupi wa kiofisi, badala ya 我们学校 ya mazungumzo.

Dukani hutalisikia. Mhudumu anayekupokea mlangoni husema 欢迎光临, huānyíng guānglín, na 光 hapo ni nuru: umekuja na mwanga wako. Heshima ipo, ila haiulizi cheo, kwa hiyo guānglín inafaa hata nyumbani. Mwenyeji wa tabia za kale huongeza 寒舍, hánshè, "kibanda cha baridi", akimaanisha nyumba yake, hata kama ni ya ghorofa tatu. Nasi si tunasema "karibu kibandani kwangu"?